"Acha Mawazo" Si Dawa

Zipo sentensi mbili ambazo mimi ningepewa rungu la sheria kwa siku moja tu ningezipiga marufuku Mafia nzima, na ningeanzia hapa Ndagoni. Ya kwanza: "Acha mawazo." Ya pili: "Ninyi watu wa visiwani mna raha, hamna stresi." Ya kwanza tunaambiana wenyewe kwa wenyewe. Ya pili tunaambiwa na wageni, halafu sisi vijana tunaoshika kalamu tunaipokea, tunaitia vina na mizani, tunairudisha kama shairi.

Nianze na hiyo ya pili maana inatuhusu sisi wa kurasa hizi. Ndugu msomaji, chukua mashairi kumi ya chipukizi wa pwani. Mangapi hayana minazi inayoyumba? Mangapi hayana upepo mwanana, mashua inayorejea na jua linalozama? Mtu akiyasoma atadhani Ndagoni ni kitanda cha kamba kilichowekwa chini ya mwembe, na sisi sote tumejilaza juu yake tukingoja madafu. Jamani! Mashua ile inayorejea machweo ina watu ndani. Mmoja anapiga hesabu ya mafuta ya mashine aliyoyakopa alfajiri. Mwingine nyavu si zake, na mwenye nyavu hukata fungu lake kwanza kabla baharia hajaona chake. Wa tatu mkewe ana mimba ya miezi tisa na bahari imechafuka. Jua linalozama linawaambia siku imekwisha na deni halijakwisha. Mshairi wetu kasimama ufukweni, kaona rangi tu.

Wageni mimi nawasamehe. Wanashuka Kilindoni kwa ndege, wanapelekwa Utende kwenye hoteli zinazotazama ghuba ya Chole, na kati ya Oktoba na Machi wanaogelea na papa potwe. Wamelipa wapumzike, wamepumzika, biashara halali. Lakini raha ya mtu wa siku nne, mwenye tiketi ya kurudia mfukoni, haiwezi kuwa kipimo cha moyo wa mtu atakayebaki upepo wa kusi ukianza kuvuma.

Sasa tuje kwenye hili la "acha mawazo", ambalo ndilo linaloniuma zaidi.

Nilimsindikiza shangazi yangu mmoja kupima. Wapi, sisemi. Akafungwa mkono, upepo ukajazwa, mtoa huduma akasoma namba, akatikisa kichwa. "Mama, presha iko juu. Wewe una mawazo sana. Acha mawazo." Shangazi akaitikia kwa adabu zote, "Ewallah, mwanangu." Akapewa vidonge kwenye kikaratasi, tukatoka. Njiani nikamuuliza, "Shangazi, hayo mawazo utayaachaje?" Akanitazama kama vile nimepungukiwa. "Nitayaacha wapi, mwanangu? Nikiyaweka barazani watu si watajikwaa?"

Tulicheka, lakini hebu angalia kilichotokea pale. Mtu kaja na ugonjwa wenye namba, wenye dawa, wenye elimu yake. Karudishwa nyumbani na lawama. Ukimwambia mgonjwa aache mawazo umemwambia kwamba ugonjwa kaujenga mwenyewe kichwani, na asipopona ni ukaidi wake. Wala hakuulizwa ni mawazo gani.

Lugha yetu nayo imetutegea mtego. Neno "presha" linabeba mizigo miwili. Mtu akigombana na mkwewe anasema "huyu ananipandisha presha." Mtu akipimwa akaambiwa damu inasukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi, hiyo nayo ni presha. Tumezifanya kitu kimoja. Matokeo yake, mgonjwa anameza vidonge wiki ile ambayo mambo yamemwendea kombo, na wiki ambayo mambo ni shwari anaviweka juu ya kabati kwa kuwa "sina mawazo, presha imeshuka." La hasha! Shinikizo la damu halingoji uwe na huzuni. Mara nyingi halina dalili yoyote. Unacheka, unacheza bao, unasimulia habari za Simba na Yanga, nalo kimyakimya linaharibu mishipa ya figo, ya macho na ya ubongo. Linaletwa na mambo mengi kwa pamoja: umri, urithi wa ukoo, unene, tumbaku, pombe, chumvi. Na sisi watu wa ng'onda na papa mkavu, chumvi tunaijua! Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulikuta takribani mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawakuwa na habari. Robo ya watu wazima wote wa nchi hawawezi kuwa wameugua kwa kukosa kujituliza.

Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, na ikarudia hivyo vipimo zaidi ya kimoja, hiyo ni presha ya hospitali na vidonge vyake humezwa kila siku, siku ya msiba na siku ya harusi. Hii ya mkwe ni presha nyingine.

Asije mtu akasema nimeandika kwamba mawazo hayadhuru. Yanadhuru sana. Ukikutana na nyoka njiani, tezi mbili zilizokaa juu ya figo zako zinamwaga homoni. Moyo unakimbia, sukari inaingia kwenye damu, tumbo linasimamisha kazi yake, macho yanakuwa makali. Baada ya dakika chache nyoka kenda zake na mwili unarudi ulivyokuwa. Ni mashine nzuri kabisa. Tabu ni pale nyoka anapokataa kuondoka. Deni la duka linalala nawe, linaamka nawe, linakaa nawe kwenye chakula. Mwili haujui kwamba huyu si nyoka, basi unaendelea kumwaga yale yale usiku na mchana, na hapo ndipo usingizi unapokatika, kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, mwili unashindwa kupigana na maradhi mengine, na mwenye presha inampanda zaidi. Kiswahili kinaita hali hii msongo, kutokana na kusonga, kule kubana na kukandamiza. Neno zuri. Kinachosongwa kina anayekisonga. Ugali haujisongi wenyewe.

Lakini tangu zamani wapo waliopenda tuamini kwamba unajisonga. Aliyeeneza habari za msongo katika elimu ya tiba ni Hans Selye, mtafiti wa Montreal, Kanada. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature akieleza jinsi alivyowatesa panya kwa baridi, majeraha, kazi ya kupita kiasi na dawa, akakuta miili yao yote inalalamika kwa namna moja. Kazi kubwa, simnyimi sifa yake. Ambacho hakisimuliwi sana ni kwamba baadaye mzee huyo alipokea fedha za makampuni ya sigara, na mwaka 1969 alisimama mbele ya kamati ya bunge la Kanada kutetea sigara kuwa inasaidia watu kupunguza msongo. Nyaraka za makampuni yenyewe ndizo zilizokuja kumfichua. Makampuni yale yalikuwa na akili. Mwenye ugonjwa wa moyo akishaamini kwamba moyo umeharibiwa na wasiwasi wake, hatamuuliza mwenye duka ameuziwa nini.

Kinyume chake wakaja wengine wakauliza swali la haki: ni nani hasa wanaosongwa? Kuanzia mwaka 1967 watumishi wa serikali ya Uingereza, wale wa maofisi ya Whitehall, London, walifuatiliwa afya zao miaka na miaka. Kila mtu alikuwa na msemo kwamba wakubwa ndio wanaokufa kwa moyo, kwa sababu ya majukumu mazito. Michael Marmot na wenzake walipohesabu wakakuta mambo yamepinduka. Matarishi na mabawabu, watu wa daraja la chini kabisa, walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu kuliko vigogo wa juu. Sigara na unene vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Hawa wote walikuwa na mshahara, wote walikuwa na hospitali karibu. Tofauti ilikuwa nani anapanga siku yake na nani anapangiwa.

Na kama London ni mbali, Masai Mara si mbali. Huko Kenya, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani Robert Sapolsky alikuwa akiwalaza nyani kwa sindano za usingizi ili apime damu yao. Nyani wa mbuga hana shida kubwa ya chakula. Anakula saa chache na muda unaobaki anautumia kuoneana na wenzake. Wanyonge, wale wa kupigwa makofi kila dume kubwa likiamka vibaya, damu yao ilikuwa imejaa homoni za msongo. Katikati ya miaka ya 1980 likatokea jambo katika kundi moja. Madume makorofi, yaliyozoea kwenda kupigania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii, yalikula nyama yenye kifua kikuu, yakafa. Waliobaki walikuwa majike na madume wapole. Kundi likatulia. Madume mageni yaliyohamia miaka ya baadaye nayo yakajifunza ustaarabu ule. Mwaka 2004 Sapolsky na Lisa Share walichapisha matokeo: katika kundi lile madume ya chini hayakuwa na zile dalili za msongo ambazo wanyonge wa makundi mengine wanazo. (Sitaki mtu anifasirie kwamba nawaombea vigogo wetu kifua kikuu.) Hakuna aliyewaendeshea nyani wale semina ya kuvuta pumzi. Kilichobadilika ni utaratibu wa kuishi.

Basi ndipo ninaposema mawazo yana anwani. Ya Ndagoni nazijua baadhi. Kuna mama anayechokoa pweza maji yakitoka bamvua, anafika pwani, mnunuzi ndiye anayetaja bei, na kesho yake bei ni nyingine. Kuna nazi, ambazo miaka yote mwenye shamba hajui thamani yake mpaka mchuuzi afungue mdomo. Kuna sare na daftari. Karo ya sekondari za serikali iliondolewa kuanzia 2016, lakini mtoto haendi darasani uchi. Kuna rufaa. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni, na kazi ikiizidi, mgonjwa ni wa Dar es Salaam. Mwenye fedha anapanda ndege, mlalahoi anavuka bahari mpaka Nyamisati kisha anaitafuta barabara. Mimba ina tarehe. Bahari haina. Mwambie mume wa mama huyo aache mawazo, halafu unitazame usoni.

Wala si kwamba mtu wa kisiwani anaogopa kila kitu. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja upande wetu, tulitangaziwa mapema redioni. Hofu ilikuwepo, lakini ilikuwa hofu yenye kazi: vuta chombo juu, funga kamba, ondoa watoto kwenye nyumba mbovu, weka maji ndani. Niliwaona wazee walewale wanaokesha kwa ajili ya bei ya nazi wakitoa amri kwa sauti kavu kama manahodha. Kimbunga kilijulikana kinatoka wapi na kinafika lini. Bei ya nazi haina mamlaka ya hali ya hewa.

Sasa nisikilize ninyi mnaouliza, "Haya, umelalamika, tufanye nini?" Wako waliofanya. Washona wa Zimbabwe wana neno "kufungisisa", maana yake kufikiri kupita kiasi, ndugu wa tumbo moja na haya "mawazo" yetu. Daktari wa akili Dixon Chibanda hakuwaambia watu waache kufungisisa. Mwaka 2006 alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na mtu aliyelemewa. Bibi anasikiliza. Matatizo yote yanatajwa. Kisha anauliza: katika haya, lipi tuanze nalo? Wanachagua moja, wanalitafutia hatua inayowezekana wiki ile, mtu anakwenda, anarudi, wanaangalia imekuwaje. Mwaka 2016 matokeo ya jaribio la watu 573 yalichapishwa, na waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo ulishafika mpaka Unguja. Si mashine, si kidonge kutoka Ulaya. Ni bibi na benchi, na Mafia vyote viwili tunavyo vya kutosha.

Nililijaribu swali lile kwa shangazi. Alitaja mambo saba. Akachagua deni la duka. Tukachukua daftari, tukakaa na mwenye duka, tukahesabu mstari kwa mstari. Tukakubaliana alipe kidogo kidogo kila bamvua, pweza anapopatikana. Deni halikufutwa hata shilingi. Ila usiku ule alilala. Na vidonge anameza, kwa sababu tulikwishakubaliana kwamba hilo la vidonge halimo katika yale saba, ni jambo jingine kabisa.

Hata kuvuta pumzi sikukatai, maana najua wapo watakaosema huyu kijana ni mbishi tu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo kutoka kambi ya Rhino nchini Uganda, ambako karibu wanawake 700 wakimbizi wa Sudan Kusini walishiriki. Nusu yao walipewa mafunzo ya Shirika la Afya Duniani, vikao vitano tu, kwa kanda ya sauti na kitabu cha picha: kutuliza pumzi, kuona wazo linapita bila kulifuata, kurudi kwenye lile unalolithamini. Miezi mitatu baadaye walikuwa na ahueni kuliko wenzao. Kwa hiyo inasaidia. Lakini angalia, walikaa pamoja, hawakuachiwa kila mmoja na kichwa chake. Na hakuna mwenye akili aliyewaambia kwamba vita vimo katika pumzi zao. Ninaowapinga ni hawa wahamasishaji wa mjini wenye suti na kipaza sauti, wanaouza tiketi ili wakuambie umaskini ni fikra.

Na kwetu pia tusijidanganye. Tunapenda kusema wazungu ndio wapweke, sisi tuna baraza. Hebu kaa kwenye baraza jioni moja uhesabu. Mpira, siasa, fulani kaoa wapi, tanga la fulani limechanika. Mwanaume atakaa pale miaka ishirini bila kutamka neno "nadaiwa". Akinuna wataambiwa watoto wasimsogelee. Akianguka ndipo watu wanasema, "Kumbe alikuwa na mawazo." Wanawake wametuzidi. Kisimani wanasemeana, kwenye mawe ya pweza wanasemeana, na bibi zetu walikuwa na ngoma za pepo ambamo mwenye kulemewa aliruhusiwa kulia, kuamrisha na kudai, na ukoo mzima ukakaa kumsikiliza. Pat Caplan, mtafiti Mwingereza aliyeanza kuja Mafia mwaka 1965, kaandika mengi juu ya pepo hao. Sisi wasomi wa kidato cha nne tunazicheka ngoma hizo. Sisemi zirudishwe badala ya vidonge. Nauliza tu, tulipoziondoa tuliweka nini pale? Tuliweka "acha mawazo".

Ninayoyadai si makubwa. Kipimo cha presha kije barazani na gulioni, na wa kwanza kufungwa mkono wawe wazee wanaosema huo ni ugonjwa wa wanawake. Vidonge visikatike, maana mtu aliyetembea kuvifuata akakuta hakuna harudi mara ya pili. Mtoa huduma anayetaka kutaja mawazo ya mgonjwa ayaulize kwanza, na ajue atayafanyia nini. Wauza pweza wakae pamoja wakubaliane bei ya chini kabla ya maji kutoka, badala ya kila mmoja kusimama peke yake mbele ya mzani wa mtu. Na ratiba ya vyombo vya kuvukia ibandikwe mahali inaposomeka, na ikibadilika itangazwe, kwa sababu mgonjwa anayejua atasafiri Alhamisi hulala Jumatano.

Nawe Mhariri, shairi la minazi likikufikia tena kutoka kwetu, lirudishe kwa mwenyewe pamoja na swali hili: nazi za minazi hiyo, mwezi huu mchuuzi alizichukua kwa shilingi ngapi?